Nina miaka 25, hii itakuwa klabu ya tano. Nisaini miezi sita au nisubiri?

NambaTatu:

Wakuu, heshima kwenu. Mimi humu ni msomaji wa kimya, leo naandika kwa sababu sina wa kumuuliza asiyeniongezea presha.

Nacheza namba tatu, beki wa kushoto. Nilianza kulipwa nikiwa na miaka 19 na tangu hapo nimepita timu nne, sijawahi kumaliza misimu miwili mfululizo kwenye jezi moja. Timu ya mwisho ilibadilisha makocha watatu ndani ya nusu msimu, Desemba tukavunja mkataba kwa makubaliano. Sasa nipo nyumbani, nakimbia peke yangu asubuhi.

Dirisha la usajili limebaki siku 6. Kuna timu ya daraja la pili nje ya nchi inanitaka mpaka mwisho wa msimu, kama miezi sita hivi. Wakala anasema saini leo. Kaka yangu anasema ningoje kitu cha maana, maana wasifu wangu unatisha, ukiusoma unadhani ni wa watu wanne tofauti.

Timu nyingi ni doa? Na kwenye mkataba nitazame nini?

BenchiLaUfundi:

Mkuu, ukweli mchungu: mchezaji mzuri haachwi. Timu nne kwa miaka sita ni ishara. Bado una umri wa kurudi shule.

Kiraka11:

Mdogo wangu NambaTatu, swali lako nimelisoma mara mbili. Jibu la BenchiLaUfundi nimelisoma mara moja, limetosha.

Nimetundika daluga miaka minne iliyopita. Misimu 14, timu 11, nchi 5. Nilikuwa kiraka, mtu wa kuziba pengo lolote: namba mbili, tatu, sita, na siku moja ya balaa namba tano, beki wa kati, dhidi ya straika aliyenizidi kichwa kizima. Jezi namba 3 nimeivaa kwenye timu moja tu. Kwingine nimevaa 15, 23, 27, 33, na mahali pamoja 66, kwa sababu zilizobaki zilikuwa hiyo na ya kipa.

Nilipostaafu nilikaa nikahesabu nimeondokaje kila mahali. Mara nne kocha aliyenileta alifukuzwa, aliyekuja akaja na watu wake. Mara mbili timu ilishuka na ikabidi wapunguze mishahara. Mara mbili nilikuwa mchezaji wa mkopo, muda ukaisha, basi. Mara moja hawakunilipa. Mara moja, nasema kweli, nilicheza vibaya msimu mzima na kila mtu aliona, hadi mtunza vifaa. Ya kumi na moja niliondoka mwenyewe, goti lilikuwa limeshaniaga. Kwa hiyo katika kuachwa kote huko, ubovu wangu ulihusika mara moja. Labda moja na nusu.

Na kama unataka mfano mkubwa, Sebastián Abreu wa Uruguay aliingia kwenye rekodi za Guinness mwaka 2017 aliposaini Audax Italiano ya Chile, timu yake ya 26. Ndiye huyo huyo aliyepiga penalti ya mwisho dhidi ya Ghana, robo fainali ya Kombe la Dunia 2010, akaidokoa katikati ya goli kama anacheza na watoto. Nchi nzima ilimwachia ule mpira. Hakuna aliyemuuliza amepita timu ngapi.

Nirudi kwako. Mchezaji wa kuhamahama halipwi kwa kujua mpira tu, analipwa kwa kuwa tayari siku anayofika. Timu inayokuchukua Januari haina muda wa kukujenga. Kuna mtu ameumia, au wako mkiani, wanataka namba tatu Jumamosi hii. Kijana aliyekulia pale anapewa mechi kumi za kukosea. Wewe unapewa moja, na kipindi cha pili cha nyingine.

Kufika kwenyewe ni ufundi, na hakuna anayeufundisha. Siku ya kwanza ukiingia chumba cha kubadilishia nguo, usikae. Ukutani kuna ndoano, zote zinaonekana ziko wazi, na hakuna iliyo wazi. Timu yangu ya tatu niliweka begi chini ya ndoano ya nahodha. Hakuniambia neno, alisimama mbele yangu na taulo begani mpaka nikaelewa. Tangu siku ile nikawa nasimama karibu na mlango, nasalimia kila anayeingia, mtunza vifaa kwanza, halafu nasubiri ndoano itakayobaki. Huwa ni ile ya jirani na mabafu, nguo zako zinaloa. Sawa tu.

Lingine ni maneno. Nilipokwenda nchi ambayo lugha yake sikuijua, wageni wenzangu walianza kujifunza salamu. Mimi nilimfuata kipa na karatasi, nikamwomba aniandikie yale anayopiga kelele nyuma yangu: toka, rudi, mtu mgongoni, una muda, wangu, geuka, mpeleke nje. Maneno saba. Nikayanakili kwa kalamu kwenye plasta niliyojifunga mkononi. Jumamosi nilicheza dakika 90 na sikujua hata kusema asante kwa lugha yao. Kocha akadhani lugha naijua. Jumatatu aliniita ofisini, akaongea dakika ishirini, mimi naitikia kwa kichwa. Nilipotoka ndipo mwenzangu akanitafsiria: alikuwa ananieleza kwa nini nitaanzia benchi, na akafurahi sana nilivyolipokea kiungwana.

Sasa karatasi. Miezi sita si tusi. Kwa kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, mkataba mfupi kabisa ni wa kuanzia siku unapoanza kazi hadi mwisho wa msimu, mrefu kabisa ni miaka mitano. Wewe unapewa ule mfupi kwa sababu ni Januari na hawakujui. Lakini una faida yake: mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu anaruhusiwa kusaini na timu nyingine kwa ajili ya msimu unaofuata. Kwa hiyo wino ukikauka tu, uko huru kuzungumza na yeyote kuhusu kiangazi. Vijana wa sasa mnaona hili la kawaida. Kabla ya hukumu ya Bosman, ile ya mahakama ya Ulaya iliyowaachia huru wachezaji waliomaliza mkataba, tarehe 15 Desemba 1995, huko Ulaya mkataba wako ungeweza kuisha na klabu ikaendelea kuidai timu inayokutaka ada ya kukuachia, wewe huchezi, hulipwi, na huendi popote.

Umri nao unakusaidia, mwambie kaka yako. Fidia ya mafunzo, ile klabu mpya inayowalipa waliokukuza, inaishia mwaka mchezaji anapotimiza 23. Mimi nilipokuwa na 22 dili mbili zilinifia mkononi kwa sababu hiyo, mtu ananitaka ila hataki kulipia utoto wangu. Wewe umeshavuka daraja hilo, hawalipi kitu zaidi yako.

Kabla ya yote, tuambie hivi: tangu msimu uanze umesajiliwa na timu ngapi, na umezichezea mechi ngapi kati ya hizo? Unaruhusiwa kusajiliwa na tatu ndani ya msimu mmoja, lakini mechi rasmi unacheza kwenye mbili tu, ukiacha hali za ligi zenye kalenda zinazopishana. Nimemwona mtu amesaini, amepewa chumba, amepigwa picha na skafu, halafu ndipo wanagundua kwamba hii ni ya tatu.

Vipimo vya afya vifanyike kabla ya kusaini. Ukiona sentensi inayosema mkataba utakuwa halali ukifaulu vipimo, au ukipata kibali cha kazi, ikatae. Kanuni hairuhusu uhalali wa mkataba utegemee hayo. Wanaoiweka wanataka mlango wa nyuma wa kukutolea wakipata mwingine.

Na nunua daftari. Usicheke. Langu lilikuwa na safu mbili: tarehe ya mshahara iliyoandikwa kwenye mkataba, na tarehe pesa iliyoingia benki. Miaka mingi safu zile zilifanana. Kwenye nchi ya nne, klabu ambayo siitaji, zikaanza kuachana, siku nne, siku kumi na moja, kisha safu ya pili ikawa tupu. Mwenyekiti alikuwa akija mazoezini anatukumbatia mmoja mmoja. Nikajifunza kuusoma ule mkumbatio: kadiri alivyokubana, ndivyo mshahara ulivyokuwa mbali.

Sheria ya hapo ikariri. Mishahara miwili ikipita siku yake bila kulipwa, unaiandikia klabu barua ya kudai, unawapa angalau siku 15. Zikiisha hawajalipa, unaruhusiwa kuvunja mkataba kwa sababu halali. Kifungu hicho kimeingia mwaka 2018. Mimi niliandika, nikatuma, nikatunza uthibitisho wa kutuma, na siku zile 15 zote nilikwenda mazoezini kama kawaida, wa kwanza kufika. Wenzangu wawili walikasirika wakapanda ndege usiku bila barua. Klabu ikawageuzia kibao, ikadai kuwa wao ndio waliotoroka kazini. Dai langu nililipeleka kwenye chumba cha FIFA cha kusuluhisha migogoro. Mchezaji halipi gharama za shauri pale, ila usilale, baada ya miaka miwili hawalisikilizi. Lilichukua karibu mwaka. Nilichoambatanisha ni mkataba, taarifa za benki na nakala ya kurasa mbili za lile daftari.

Kuna jambo moja sikulifanya vizuri na sitaki ulirudie. Nikiwa na miaka 29, mkataba wa mwaka mmoja, mwezi Machi, nilisikia nyuma ya paja kitu kama uzi unakatika. Nilificha siku tisa. Nikawa najifunga bandeji chooni, nawahi kuvaa kabla daktari hajaingia. Kwenye mkataba mfupi kila mtu anafanya hivyo, kwa sababu majeruhi wa Machi hapati mkataba wa Juni. Siku ya kumi nilikimbia na winga wao, hatua tatu, nikaanguka bila kuguswa na mtu. Kilichokuwa cha wiki tatu kikawa cha miezi minne. Na mkataba wa Juni pia sikuupata.

Jibu langu: kama umecheza timu isiyozidi moja msimu huu, na pesa ina tarehe, saini. Kusubiri kunazeesha. Mtu anayekimbia peke yake asubuhi haonwi na kocha yeyote. Mechi kumi za daraja la pili ni video kumi.

MkeWaKipa:

Naomba nichomekee, maana Kiraka11 ameongea yote ila nyumba hajaigusa, kama wanaume wote wa mpira.

Mume wangu ni kipa. Miaka tisa, timu sita, na katika hizo nne alikuwa kipa wa tatu, yaani kazi yake ni kupasha misuli moto wengine wacheze. Simbezi, ndiyo iliyotulisha. Lakini mtoto wetu ana miaka 7 na ameshasoma shule nne, na kila mahali anaulizwa baba anachezea wapi, anajibu jina la timu iliyopita.

Mdogo wangu, ukiambiwa "nyumba tutakupa", uliza imeandikwa wapi na inaisha lini. Sisi mkataba ulivunjwa Jumanne, Ijumaa mtu wa klabu akaja kuchukua funguo. Nikiwa na mimba. Vitu tulivifunga kwenye mifuko ya mazoezi, ile mikubwa ya mipira. Siku hizi nataka iandikwe: nyumba mpaka siku 30 baada ya mkataba kuisha au kuvunjwa, tiketi za kwenda na za kurudi, na za familia zitajwe kwa idadi. Wanaandika ukisisitiza. Usiposisitiza wanatabasamu tu.

Na kitu kingine, masanduku yenye nguo za baridi usiyafungue yote. Mimi huwa naacha moja limefungwa. Sijawahi kujuta.

BenchiLaUfundi:

Haya, nimekosea kusema haachwi. Lakini na nyinyi msimtie kijana tamaa. Kwa kila Abreu kuna mia wanaozunguka mpaka 33 halafu hawana kitu.

Kiraka11:

Hapo tuko pamoja, kwa kweli. Mimi mwenyewe nilistaafu na nyumba moja, goti moja zima na vyeti vya ukocha nilivyosomea kwenye mabasi ya timu. Mikataba mifupi ina tabia hii: kati ya mmoja na mwingine kuna mashimo, mwezi mmoja, miwili, hulipwi na hakuna anayekudai uje kazini. Mwaka wangu mbaya kuliko yote nililipwa miezi saba. Kwa hiyo, NambaTatu, mshahara wa miezi sita ugawe kwa kumi. Ukiupangia sita, Julai utasaini chochote utakachoonyeshwa.

NambaTatu:

Wakubwa, sijui niwashukuruje. Dada, la nyumba nimelinakili kama lilivyo.

Majibu: msimu huu nimesajiliwa na timu moja tu, ile ya Desemba, nikacheza mechi 8. Vipimo nafanya kesho asubuhi, wakala anasema kusaini ni jioni yake. Mshahara una tarehe, ni tarehe 5 ya kila mwezi. Mkataba uko kwa lugha yao na upande wa pili Kiingereza.

Kuna kifungu kimenitatiza. Wanasema klabu ina haki ya kuongeza mwaka mmoja "kwa masharti yale yale", ikiamua. Wakala anasema hicho ni kizuri, kinanipa uhakika.

Kiraka11:

Kinampa nani uhakika? Soma tena nani anaamua. Ukicheza vizuri watakubakiza kwa mshahara wa mtu waliyekuwa hawamjui, ukicheza vibaya wanakuachia. Na ile faida niliyokuambia, ya kuzungumza na wengine kuanzia sasa, inakufa hapo hapo, kwa sababu nani atakaa mezani na wewe wakati klabu bado ina mwaka mfukoni?

Vifungu vya upande mmoja namna hii vina ugomvi mwingi mbele ya FIFA, usitegemee kwamba kitavunjika na usitegemee kwamba kitasimama. Usikifute kwa hasira, watanuna. Waambie mambo mawili. Mshahara wa mwaka huo uandikwe kabisa, uwe juu ya huu, kwa tarakimu. Na wakitaka kukutumia notisi ya kuongeza, iwe kwa maandishi kabla ya tarehe fulani, Aprili 30 kwa mfano, ikipita hiyo haki imekufa. Timu inayokutaka kweli itakubali lile la tarehe bila shida. Wakikataa yote mawili, basi kaa ukijua umesaini miezi kumi na nane kwa bei ya sita, halafu uamue mwenyewe.

Wakala wako sisemi ni mbaya. Uliza tu yeye analipwa lini.

Na omba kurasa zote, zipige picha zenye namba ya ukurasa chini. Niliwahi kufanya mazoezi miezi minne bila kugusa mechi kwa sababu klabu ilituma karatasi za uhamisho dakika za mwisho na ukurasa mmoja haukuwemo. Miezi minne. Nilikuwa naenda uwanjani na tiketi kama shabiki.

NambaTatu:

Nimewaambia. La tarehe wamekubali, wameweka Aprili 30 hiyo hiyo. La mshahara wanasema watanijibu kabla ya kusaini. Nyumba wameandika siku 14, si 30.

Vipimo nimepita. Picha za kurasa nimekutumia faragha, mkuu. Kusaini ni saa kumi na moja jioni.

MkeWaKipa:

14 si mbaya. Sisi tulipewa tatu.

Kiraka11:

Nimezipata. Chini wameandika jumla ni kurasa 9. Umenituma ya 1 mpaka 6, halafu 8 na 9. Ya 7 iko wapi?

NambaTatu:

Aisee. Nilidhani nimeruka mimi, kumbe hata kwenye nakala waliyonipa haimo. Ngoja niwaulize.